Nilivyofundishwa Kulia

Habari ya kifo cha shangazi yangu ilinikuta kwenye cherehani, na sare ya shule ya mtoto wa watu imenasa sindanoni. Katika kundi letu la ukoo kwenye simu, watu walikuwa wameshaanza kumimina vikatuni vya kulia na vya mikono iliyofumbatwa. Mimi nilisoma kwanza walivyoandika wengine, nikachagua maneno ya binamu mmoja ambaye hakosei kamwe katika mambo haya, nikayageuza kidogo, nikayatuma. Tumepoteza nguzo, poleni sote. Kisha nikailaza simu kifudifudi mezani. Wenzangu wa rika langu wakipata habari ya msiba hukumbuka kwanza mema ya marehemu, na shangazi alikuwa nayo mengi. Mimi kilichonijia kwanza ni aibu, na haikuwa aibu ya ukubwani. Ilikuwa ileile niliyoipata nikiwa mtoto, haijapungua hata kidogo.

Kwetu ni kijiji kidogo cha ukingoni mwa Tana, si mbali na Kulesa, upande ambao mto ukifurika lazima utumie mtumbwi hata kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Baba alikufa mimi sijaota meno. Mama alikuwa ameolewa kutoka Wenje, na baada ya kifo kile wengi walitegemea afunge mzigo wake arudi kwao. Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakuficha kwamba angemsaidia kuufunga. Aliyekataa ni Nyanya, mama yake baba. Alimkatia mama kipande cha shamba la mpunga kando ya mto, mahali ambapo maji yakishuka huacha tope jeusi lenye rutuba, akasema, "Huyu ni mtoto wangu sasa." Lakini lilikuwa neno la mdomo. Nyanya akiwepo, nasi tupo. Mama alilijua hilo vizuri, na Nyanya akikohoa tu, mama aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza.

Mpunga ukianza kutia maziwa, watoto wa kwetu hupelekwa shambani kuamia ndege. Ninyi mliokulia huko mnalijua dungu: jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mpunga, na juu yake mtoto mwenye sauti. Wale ndege wadogo wa midomo myekundu huja maelfu kwa maelfu, na wakikuta mlinzi amelala hawabakishi hata cha mbegu. Kazi ya mtoto ni kelele. Utagonga makopo ya mafuta ya kupikia, utavuta kamba zilizofungwa vipande vya mabati, utapayuka kutwa nzima mpaka sauti ikauke. Wenzangu waliipenda kazi hiyo kuliko shule. Mimi ilikuwa ikiniua. Kopo likigongwa karibu nami nilihisi mtu amenitia pilipili masikioni, na maumivu yakishuka hadi kwenye meno. Nilikuwa nikijikunyata na kuziba masikio, na ndege wanakula. Kwa hilo nilichapwa, tena na watu waliodhani kwa dhati kabisa kwamba mimi ni mvivu.

Basi Nyanya akanichukua kwenye dungu lake. Hakunifundisha kitu kwa muda. Alinitazama tu, akagundua jambo ambalo mimi mwenyewe sikujua kuwa ni jambo. Nilikuwa nikigeuza shingo kabla ndege hawajaonekana. Niliwasikia. Kundi la ndege likiwa mbali sana lina sauti yake, kama nguo kuukuu inayochanwa polepole, na nilidhani kila mtu anaisikia. Nyanya akasema, "Wewe si wa makelele. Makelele waachie wenye makelele. Wewe sikiliza, uangalie, urushe." Akanisukia kombeo, akanionyesha namna ya kufinyanga madongo na kuyakausha juani, na namna ya kuyarusha yapasuke juu ya kundi kabla halijatua. Tulikaa huko tukiwa kimya, yeye na ugoro wake, mimi na madongo yangu. Hakunishika kichwa wala kunibana mashavu walivyofanya wanawake wengine. Nikifika alisema, "Umekuja." Nami nilijibu, "Nimekuja." Hiyo ilikuwa salamu yetu, na sijapata nyingine iliyonitosha namna ile.

Nyanya alikufa asubuhi moja, mpunga ukiwa umeanza kuinama. Nilikuwa mtoni nachota maji niliposikia yowe la kwanza. Nilipofika nyumbani ua ulikuwa umeshajaa, na wengine walikuwa wakiendelea kuja. Mnaujua msiba wa kwetu. Mwanamke huja njiani kimya, tena pengine anazungumza na mwenzake habari za bei ya unga, lakini akifika penye uzio anajifunga leso kiunoni na kuanza kupiga yowe, anaingia mikono kichwani, anajitupa chini penye mlango wa marehemu. Analia kwa maneno, anamwita, anamlaumu kwa kuondoka. Baadaye anainuka, ananawa uso, anakaa jamvini, anauliza kama chai ipo. Kisha anaingia mwingine.

Mimi niliyatazama hayo nikitafuta kanuni yake, kwa sababu kila kitu nilikitafutia kanuni. Nikaipata haraka sana. Kwa akili yangu ya kitoto, watu wazima wanapopiga kelele kwa zamu, namna ile, mahali pamoja, wanakuwa wanaamia. Kuna kitu kinataka kuja kumchukua Nyanya, nikawaza, na wanawake hawa wanakifukuza. Huyu akichoka anapokewa na mwingine. Yote yakaniingia akilini sawasawa. Na kama ni kuamia, basi na mimi nina sehemu yangu ninayoijua. Nikaenda kuchukua kombeo langu na madongo, nikakaa penye kizingiti cha nyumba aliyolazwa, nikatulia, nikasikiliza.

Hebu fikirini walichokiona wao. Mjukuu aliyekuwa akishinda na marehemu kila siku, amekaa mlangoni pake, macho makavu, kombeo shingoni kama anakwenda kuwinda njiwa. Mwanamke akijitupa chini akilia, mimi naziba masikio. Akinyamaza, nazibua. Kichwani mwangu sijawahi kumpenda Nyanya kuliko nilivyompenda siku ile. Lakini upendo wangu haukuwa na sura ambayo yeyote pale angeweza kuitambua, nami sikujua kwamba unatakiwa kuwa na sura.

Shangazi ndiye aliyekuwa kiini cha kilio. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti nzito yenye mkwaruzo, na alimpenda mama yake mapenzi ya wazi, ya kusikika hadi ng'ambo ya mto. Katikati ya kilio nilimwona akinitazama. Halafu akamtazama mama. Wanawake wawili waliokaa karibu naye wakamtazama mama pia.

Mama akanipeleka nyuma ya jiko. Alikuwa na unga mikononi na alinong'ona.

"Mbona hulii?"

"Nyanya alisema mimi si wa makelele."

"Ile ilikuwa habari ya ndege. Huyu ni Nyanya amekufa."

"Najua."

"Hujui." Akachungulia nje kama kuna mtu, akachuchumaa mbele yangu. "Mwanangu, nisikilize vizuri. Wanakutazama wewe, kisha wananitazama mimi. Watasema nimekulisha chuki. Watasema tumefurahi. Nyanya hayupo wa kunitetea. Shangazi yako akisema neno moja tu, shamba limekwenda na kesho kutwa mimi na wewe tuko njiani, na Wenje hakuna anayetungoja. Umenielewa?"

Nilikuwa nimeelewa. Kwa mara ya kwanza siku ile mtu alikuwa ameniambia jambo lenye mwanzo na mwisho. "Nifanye nini?"

"Kesho wakimtoa ndani, ulie. Ulie watu wakuone."

"Nalia vipi?"

Nadhani hakuna mama aliyejiandaa kujibu swali hilo. Machozi yalikuwa yakimtoka mama mwenyewe, na hayakunifundisha kitu, kwa kuwa hayakuwa na sauti. Mwishowe akasema, "Mtazame shangazi yako. Fanya kama yeye."

Nikamtazama. Sidhani kama shangazi aliwahi kutazamwa namna ile maishani mwake, hata na mumewe. Nilishika alipoweka mguu, mkono gani ulipanda kichwani kwanza, mahali sauti ilipokatika ili apumue. Mimi kitu nikikisikia kwa makini hunikaa kama kilivyo, na sauti yake pamoja na ule mkwaruzo. Jioni ile nikiwa jamvini nilikirudia kilio chake chote moyoni mpaka kikawa changu. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nilijua kazi yangu.

Kesho yake jeneza likatolewa. Wimbo wa kanisani ulikuwa umeanza, watu wamejipanga pande mbili za mlango, na shangazi anaongozwa na wanawake wawili walioshika mikono yake. Mama akanigusa bega. Nikatoka mbele, nikajifunga leso kiunoni, nikapandisha mkono wa kushoto kichwani kisha wa kulia, nikajitupa chini palepale shangazi alipojitupa jana yake, nikafungua kinywa.

"Mama weee, mama yangu, umeniacha na nani? Mimi kifungua mimba wako, mimi uliyeninyonyesha mwaka wa njaa, nani ataniita tena? Nani atanisuka nywele?" Wimbo ukafifia. Ilikuwa sauti ya shangazi, nzito na yenye mkwaruzo, ikitoka kwa mtoto mwembamba wa miguu mikavu. Nikavuta pumzi pale alipovuta. Nikageuza kichwa kuelekea jikoni pale alipogeuza. "We Eva, ondoa hiyo sufuria, wali unaungua." Nikarudisha kichwa. "Mama weee, umeondoka mapema, mama yangu."

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa vijana waliosimama nyuma. Halafu kikawashika wanawake. Waliuma leso, waliinama, mmoja akalazimika kuondoka ameshika tumbo. Hata mmoja wa wabebaji alitikisika mabega na jeneza likayumba. Mimi nilidhani ni nafuu. Nilidhani kile tulichokuwa tukikifukuza kimekwenda na watu wamefurahi, na kwamba nimefanya vizuri. Nikainua uso kumtafuta mama ili aniambie imetosha. Sura za watu kwangu ni kama mwandiko wa daktari, lakini ile ya mama niliisoma yote bila kuacha neno.

Shangazi alikuwa amesimama na leso imemwanguka kichwani. Hakuwa analia tena. Alionekana kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, asijue aanze kufunika wapi.

Nataka kusema jambo hapa, maana shangazi hawezi tena kujisemea. Kwa muda mrefu kuna watu pale kijijini walioisimulia habari ile kama kwamba mtoto alimuumbua mwanamke mnafiki. Si kweli. Shangazi alikuwa akilia kweli. Mtu anaweza kuwa na msiba moyoni na bado pua yake ikanusa wali unaoungua, hasa kama ndiye mwenye dhamana ya kulisha kilio chote. Yeye alikuwa na kilio na sufuria kwa wakati mmoja, na kila mtu pale alijua kipi ni kipi bila kuambiwa. Mimi ndiye sikujua. Niliambiwa nifanye kama yeye, nami sikuona sababu ya kuacha kipande.

Baada ya maziko wakubwa wa ukoo walikaa uani. Mama aliitwa, akapiga magoti, nami nikasimama kando yake. Mzee mmoja, binamu wa marehemu babu, ndiye aliyeongoza, lakini kila mtu alingoja neno la shangazi. Alilisema kwa upole, na upole ule ulitisha kuliko kelele.

"Nilikuwa namzika mama yangu," akasema. "Sina mwingine. Na mbele ya jeneza lake nimefanywa kichekesho. Mtoto mdogo hajifunzi jambo kama lile peke yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nataka kujua ni nani amemfundisha, kisha tujue kama huyo ni mtu wa kukaa naye."

Lilikuwa swali, na mimi jibu nilikuwa nalo. Ilinishangaza hata kwa nini watu wazima wamenyamaza kwa jambo rahisi hivyo. Nikafungua kinywa. "Aliyenifundisha ni..."

Mkono wa mama ulinifunika mdomo. Ulinuka vitunguu na majivu. Aliubana pale kwa nguvu.

"Nisameheni," akasema. "Mtoto huyu si kamili."

Akaendelea huku anatazama chini. "Alizaliwa hivyo. Hajui la kheri wala la shari, anarudia tu anachokisikia kama kasuku. Marehemu alijua. Ndiyo maana alikuwa akishinda naye dunguni, watu wasimwone. Mimi nimewaficha kwa sababu ya aibu. Kama kuna kosa, ni hilo la kuwaficha."

Nilijua kwamba mama hasemi uongo. Ndivyo nilivyomjua, na ndivyo alivyonifundisha. Kwa hiyo pale pale niliposimama, na mkono wake mdomoni, nililazimika kurudi nyuma na kuzipanga upya siku zote za dunguni. Kumbe Nyanya hakunichukua kwa ajili ya masikio yangu. Alinificha. Kumbe ule ukimya wetu ulikuwa wa mtu anayekaa na kitu cha aibu mahali pasipo na macho. Nimepata kuumwa na mengi, lakini sijui kama kuna lililoniuma kushinda kumpoteza Nyanya mara ya pili siku ileile.

Shangazi akaanza kulia, safari hii bila maneno. "Maskini," akasema. "Kumbe ndivyo." Akainuka, akaja, akanikumbatia kwa mwili wake wote wenye jasho na marashi na moshi. Mimi ninapokumbatiwa ghafla huwa kama naungua, nikakakamaa mikono imenyooka ubavuni. Nilisikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenziwe, "Ona, hata kukumbatiwa hajui." Basi ushahidi ukawa umekamilika. Yule mzee akasafisha koo, akasema, "Huyu mama atampeleka wapi mtoto wa namna hii? Akae. Na lile shamba alilopewa na marehemu, alime."

Tukakaa. Mama alilima. Kila nilichovaa na kila kitabu nilichobeba kilitoka kwenye mpunga ule, kwa hiyo naweza kusema nililelewa na neno lile, si kamili. Halikuwahi kuondolewa. Nani angeliondoa? Likiondoka, na sisi tunaondoka. Watu hawakuwa wakali kwangu tena, na huruma yao ikawa nzito kuliko fimbo. Walisema nami kwa sauti ya juu na polepole, na sauti ya juu ndiyo ile iliyokuwa ikiniumiza, kwa hiyo nilikimbia, na kukimbia kwangu kukawa ushahidi mwingine. Hakuna aliyenituma chumvi. Kanisani niliwekewa mikono. Shangazi, na hili nalisema kwa heshima yake, alinipenda tangu siku hiyo mpaka anakufa. Aliniletea maembe yaliyomenywa tayari, hata nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe, maana hakuwa na hakika kama naweza kushika kisu.

Na mimi nilikuwa natafuta kilichopungua. Nikienda mtoni kuoga nilijikagua vidole, meno, kisogo, nikidhani siku moja nitapagusa mahali penyewe. Msimu uliofuata nilirudi dunguni peke yangu. Kundi la kwanza la ndege lilipochana hewa kule mbali niligeuka kumwambia Nyanya, na hapo nikaanza kutapika. Nilitapika na kutetemeka hadi mama akanibeba mgongoni kwenda zahanati akidhani ni malaria. Sasa najua kile kilikuwa kilio changu. Kilichelewa na hakikuwa na maneno, wala hapakuwa na mtu wa kukihesabu.

Nilijifunza kuishi. Niliacha kufanya lolote kabla ya kuona wengine wamelifanyaje, na nikajifunza kuacha vipande: huyu akicheka, cheka, lakini usikohoe anapokohoa. Mkinikuta dukani kwangu Malindi hamtajua kitu. Mnasikia maneno na kile kilicho chini ya maneno, na kinawajia bure. Mimi nasikia maneno, na feni, na taa inayokoroma, na uzi unaopita kwenye kitambaa, kisha natafuta kwa jasho kile cha chini ambacho ninyi mmeshakipata. Nikifunga duka naingia chumba cha nyuma, nakaa gizani hadi mwili unyamaze.

Mwaka huu mwanangu wa pili, ambaye hasemi sana na hapendi kushikwa, alipelekwa kliniki ya watoto. Daktari, binti mdogo tu, aliniuliza maswali juu yake. Kelele zinamuumiza? Anarudia maneno ya watu? Salamu zinamtatiza? Nilijibu kila swali kirefu mno, hadi akaweka kalamu chini na kuuliza kwa upole kama bado tunamzungumzia mtoto. Ndivyo nilivyolijua neno usonji. Alinieleza kwamba si upungufu, ni namna nyingine ya kuwa mtu kamili, na kwamba wasio nao hukosea kutusoma sisi kama tunavyokosea kuwasoma wao. Nililia mle chumbani. Lililia tu lenyewe jicho, sikulifundisha.

Basi nilikwenda nyumbani kumzika shangazi nikiwa na neno hilo mfukoni. Nilipitia Garsen, nikafika kwa mama mchana. Alikuwa amekaa na uteo mapajani anachagua mchele wa kupeleka kilioni. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, lakini jiwe kwenye mchele halimpiti. Akauliza habari za mjukuu. Nikamwambia alivyosema daktari, kisha nikamwambia kwamba na mimi ni hivyohivyo.

Vidole vyake vikasimama. "Ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa, Mama. Ni namna ya kuumbwa."

"Tangu kuzaliwa?"

"Tangu kuzaliwa."

Akaweka uteo chini. Akajifunika uso kwa leso, mabega yakaanza kumcheza, nami nikajilaumu kwa kumletea huzuni siku ya msiba. Lakini alipoifunua leso alikuwa na uso ambao sikuwahi kumwona nao.

"Unajua nimeomba msamaha mara ngapi?" akasema. "Kila nikipokea kikombe cha Bwana nilikuwa naomba. Nilijua nimemsingizia mwanangu mbele ya watu ili nipate pa kulala. Shangazi yako nilishindwa kumwambia hata juzi, nimekaa naye mgonjwa, nimeshindwa. Kumbe nilisema kweli." Akanishika mkono. "Sikusema uongo. Au vipi, mwanangu? Kweli hukuwa kamili."

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelibeba tangu kliniki, na kabla ya kliniki, tangu mtoni nikijihesabu vidole. Nilitaka kumwambia kwamba sikupungukiwa kitu. Kwamba Nyanya hakunificha, na yeye Mama alijua hakunificha. Kwamba hakuna chumba nilichowahi kuingia bila kuona aibu kwa ajili ya neno lile. Alikuwa ananitazama, mkono wake umekauka na kuwa mwepesi, nami nikaona kwamba ameshaanza kupumzika.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Hukusema uongo."

Akamshukuru Mungu kwa sauti, akauvuta uteo, akarudi kwenye mchele wake. Nilikaa karibu naye nikasaidia kutoa mawe, na niliona aibu hadi masikio yakaniuma, kwa kuwa hatimaye nilikuwa nimefanya kama watu.